Waliofuta na Aliyefuta

Uligeuza uso. Usinibishie. Nilikuwa juu ya ngazi, na mtu aliye juu ya ngazi huona visogo vyote vya mji. Chako nakijua. Ulifika pale kwenye kona, ukaona jengo lenye kuta zilizochubuka, ukaona mlango uko wazi, ukamwona mama mmoja ndani ana kitambaa mkononi, halafu shingo yako ikapata kazi ya ghafla upande wa pili wa barabara, kwa muuza juisi ya miwa. Ukanunua bilauri ambayo hukuwa na kiu nayo. Ukainywa umeupa mlango mgongo. Nilihesabu mafunda: saba. Mafunda saba yanatosha kumaliza ukurasa mmoja wa kitabu chochote, hata kile kigumu.

Si wewe wa kwanza. Nimetazama visogo kwa miaka arobaini. Wengine wana sukari, wengine wana presha, mimi ugonjwa wangu ni kukumbuka, na dawa yake haiuzwi. Nakumbuka nani alisema "tutalishughulikia" na alikuwa amevaa viatu gani. Nakumbuka nani alipiga makofi. Nakumbuka kisogo cha baba yako.

Jengo hili mnaliita Tabu. "Nakaa nyuma ya Tabu." "Ukifika Tabu kata kulia." Watoto mnawatisha nalo: ukilia nitakupeleka Tabu. Wapo wanaosema palikuwa na kisima na mtu akazama. Wapo wanaosema lina wenyewe, wasioonekana, na wanapenda ubani. Msomi mmoja alikuja na daftari, akapima kuta kwa hatua, akaandika kwamba Tabu lilikuwa jina la malkia wa kale aliyekufa bila mtoto. Nikamwambia, ndugu, hakuna malkia hapa, ni mimi. Akaniuliza, wewe nani? Nikamwambia, mimi ndiye niliyefanya kazi nusu. Hakuandika hilo.

Basi andika wewe.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mpaka rangi, mwandika mabango, na sikujua kusoma. Usicheke. Niliandika herufi kama mtu anavyochora mbuzi: pembe hapa, mkia pale, mwili katikati. Mtu alinipa karatasi, mimi nikainakili ukutani ikawa kubwa na nzuri, na sikujua nimesema nini. Niliwahi kukamatwa nakojoa chini ya maandishi yaliyokataza kukojoa, na maandishi yale yalikuwa ya mkono wangu. Askari alicheka mpaka akaniachia. Mimi sikucheka. Mpaka leo sijacheka.

Siku moja akaja mtu wa Jiji ameshika waraka. Sitamtaja jina, kwa kuwa watu wa aina ile walikuwa wengi na wote walikuwa na jina moja. Akanionyesha ukuta, juu ya mlango wa jengo hili, herufi saba nyekundu.

"Fundi Chande, futa yale maneno."

"Yanasemaje?"

"Yakisemaje ndiyo utaacha kula?"

Nikapanda. Nilikuwa na kisu cha kukwangulia, na mkono wa ujana haujui uchovu. Nikakwangua herufi ya kwanza, ile yenye vilima viwili. Nikakwangua ya pili, ile ya paa la nyumba. Nikakwangua ya tatu, yenye nguzo na mikono. Mvua ikashuka bila kubisha hodi. Mtu wa Jiji akakimbia, nami nikashuka nikakimbia. Kesho yake nilipata kazi ya kuandika duka la saruji, na sikurudi. Ukutani zikabaki herufi nne: TABA. Mji ukaangalia juu, ukasoma ulichobakiziwa. Mwaka wa kwanza wakasema Taba. Mwaka wa tatu ulimi ukachoka, wakasema Tabu. Na jina likiitwa sana huitika.

Neno nililolikata kichwa lilikuwa MAKTABA.

*

Sasa nikuambie waraka ulisemaje, maana nimekuja kuusoma baadaye kwa macho yangu, na ninaujua kama ninavyoujua mkono wangu. Ulikuwa mstari mmoja. *Maktaba zote za mitaa zifutwe kuanzia leo.* Basi. Chini, sahihi iliyojikunja kama mnyoo.

Mji ulikuwa na maktaba kumi na moja wakati ule. Ndiyo, kumi na moja, na wewe hujui hata moja, kwa sababu ulifundishwa kuhesabu kuanzia baada yake. Maktaba kumi zilielewa waraka kama Jiji lilivyotaka ueleweke. Rafu ziling'olewa zikawa vitanda. Vitabu vilitolewa nje kwa toroli, na kwa miaka miwili mji mzima ulikula karanga zilizofungwa kwa elimu ya nyota. Ulifungua kipakti, ukasoma nusu ya kwa nini mwezi hupatwa, ukala karanga, ukakitupa. Tukabaki mji wa watu wanaojua nusu ya kila kitu, yaani nusu ya kwanza. Ndiyo maana ukimsikiliza mtu wa hapa huanza sentensi kwa nguvu sana.

Maktaba ya kumi na moja ilikuwa hii, na mwenye kuitunza alikuwa Bi. Siwatu. Yeye aliupokea waraka, akausoma mara tatu, akauweka chini ya kikombe chake cha chai. Kisha akaenda uani, akaleta ndoo na kitambaa, akaanza rafu ya kwanza, kitabu cha kwanza upande wa kushoto. Akakifuta. Jalada la mbele, jalada la nyuma, uti wa mgongo. Akakirudisha. Akachukua cha pili.

Mtu wa Jiji alikuja siku ya nne akamkuta yuko rafu ya sita.

"Bi. Siwatu, hujatekeleza waraka."

"Nimetekeleza. Pitisha kidole."

Akapitisha kidole juu ya rafu. Kikatoka safi.

"Hii siyo maana ya kufuta."

"Maana yake ni ipi, mwanangu? Niandikie nami niione."

Hakuandika. Hawa watu hawaandiki maana. Wanaandika neno tu, na maana wanakuachia uibebe wewe kichwani, ili ikikuangukia iwe umejiangusha. Angeandika "chomeni", angeandika "nyang'anyeni watu wa mitaa hii macho", mkono wake ungetetemeka hata yeye. Kwa hiyo aliandika neno safi, neno la akina mama wa nyumbani, neno la kitambaa na ndoo, na yule mama wa kitambaa na ndoo akalichukua kama lilivyo akalifanyia kazi. Tangu siku ile amefuta. Leo amefuta, jana amefuta, amefuta siku ya msiba wa mumewe. Jiji liliposhindwa kumfukuza lilimfuta na yeye, kwa maana yao: jina lake likatoka kwenye orodha ya watumishi, jengo likatoka kwenye orodha ya majengo, na asubuhi huuza uji pale mlangoni ili saa tatu afungue mlango wa kitu kisichokuwepo.

Nimemuuliza miaka yote hii. Bi. Siwatu, ulikosea au ulikusudia? Kila mara hunijibu jipya. Mara husema, Kiswahili changu ni cha nyumbani, sikijui cha ofisini. Mara husema, macho yalikuwa mabovu. Juzi alinijibu huku anakamua kitambaa, wala hakuniangalia:

"Fundi, mtu mdogo akiamriwa haruhusiwi kukataa. Anaruhusiwa kukosea."

*

Mamlaka ni nini? Nauliza mimi, ambaye sikukaa darasani hata siku moja. Walionisomea vitabu vyao wakaniambia ni bunduki, ni gereza, ni hazina. Nikasema hapana. Bunduki huishiwa risasi. Mamlaka ni kuwa na neno na usiulizwe maana yake. Basi. Mtu anasema "kuboresha", watu wanahama nyumba. Anasema "kwa muda", wajukuu wanazeeka. Anasema "kufuta", na mji mzima unaanza kujisugua mwili wenyewe. Walifuta soko. Walifuta kituo cha maji. Walifuta mwaka mmoja mzima, ule wa njaa, na waliozaliwa mwaka ule hawana umri mpaka leo, ukiwauliza wanatabasamu wanatazama miguu. Na sisi? Sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa tunasema, hayanihusu, mimi sisomi.

Mimi sisomi. Nilisema hivyo. Nami nilikuwa na kisu mkononi.

Kisha maneno yakaanza kututoka. Hukuliona hilo, au uliliona ukadhani ni uzee. Mama alifika kwa daktari akashindwa kutaja panapouma, akawa anaonyesha tu, hapa, hapa, akapewa dawa ya pale. Mzazi aliletewa karatasi akaambiwa weka dole gumba, akaweka, kumbe dole gumba hilo limeuza kiwanja chake. Wenye maneno walikaa katikati ya mji, kwenye majumba ya vioo, na sisi tulipanga foleni wakatusomea barua zetu wenyewe, na walipofika penye siri yetu walipandisha sauti. Hivyo ndivyo mji unavyofutwa. Hautoi moshi. Unabaki na barabara, na taa, na watu wanaotembea, na hakuna anayeweza kusema amefanywa nini.

Isipokuwa humu. Humu ndani kuna jambo ambalo sina namna ya kulieleza ila kulisema. Waraka ulisema *kuanzia leo*, na Bi. Siwatu, aliyetii kila neno, akaacha leo ile iendelee. Muhuri wake wa tarehe uligandia siku ileile. Kila kitabu kinachotoka hapa kinatakiwa kurudi siku ile, na kila kinachorudi kimewahi. Na mtu akivuka kizingiti hurudi umri aliokuwa nao siku alipougeuzia mlango huu mgongo. Mimi nina miaka sitini. Nikivuka nina kumi na tisa, na kisu kiko mkononi, na rangi nyekundu iko chini ya kucha. Nikitoka, goti linalia. Bi. Siwatu peke yake habadiliki. Yeye hakugeuka hata siku moja, kwa hiyo hana umri wa kurudia. Ni mzee ndani, mzee nje. Tuliotoroka tunapewa ujana na aliyebaki anapewa mgongo uliopinda. Nikilifikiria hilo natamani kuvunja kitu.

Yeye ndiye aliyenifundisha. Nilirudi kuomba radhi, kijana nina kisu, sijui nianzie wapi. Akanitazama akasema, "Umekuja kumalizia?" Nikasema la. Akasema, "Basi kaa. Utaanza na zile ulizozitoa." Herufi zangu za kwanza ni M, A na K. Nilijifunza kusoma kwa mpangilio wa dhambi yangu.

*

Leo sasa. Leo hii ya huku nje, Alhamisi, unapokunywa juisi.

Jiji limepata fungu la maktaba. Najua, kwa kuwa mabango niliyapaka mimi: MJI UNAOSOMA, mita sita kwa mbili, rangi ya samawati. Kengele ya Baraza ikilia saa saba mchana watagawa. Na kugawa kwao ni hivi: mtu anapita na orodha, anatazama juu ya mlango, jina lililo juu ya mlango likilingana na lililo kwenye orodha jengo linapata, lisipolingana si jengo, ni nafasi. Nafasi hupewa magari yakalala.

Saa tano alikuja Mkurugenzi wa Jiji mwenyewe. Anaitwa Asteria, mama wa makamo, suti ya kijivu, viatu vinavyozungumza kuliko yeye, na nyuma yake askari mmoja aliyembebea orodha. Akasimama kwenye kizingiti bila kukivuka.

"Habari yako, mama."

"Nzuri, mwanangu. Karibu uji."

"Nimekunywa chai. Hapa ni wapi?"

"Maktaba."

Akainua macho. "Naona Taba."

"Ni Maktaba. Kichwa chake kilikatwa. Aliyekikata ndiye yule pale anayejifanya anachanganya rangi."

Nikaendelea kuchanganya rangi.

"Mama, sina ubaya," akasema Asteria. "Ningekuwa na Maktaba hapa ningeipa fungu leo leo. Kwenye orodha hii sina Taba."

"Huna kwa kuwa mlitufuta."

"Siyo mimi niliyefuta."

"Hakuna anayekuwa yeye," Bi. Siwatu akasema. "Haya, ingia basi uone hicho usichokuwa nacho. Vua viatu, nimepiga deki."

Akavua. Nilimwona kwa macho yangu. Mguu wa kwanza ulivuka ukiwa wa mama wa makamo, wa pili ukafika ndani ukiwa wa msichana wa miaka tisa, kisigino kina vumbi jekundu. Suti ikawa gauni la shule lililopauka. Akasimama anaangaza macho kama mtu aliyeamshwa, kisha akapiga goti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Asteria. Umechelewa."

"Walitutoa nje wakasema nendeni nyumbani. Sikugeuka nyuma, niliogopa." "Mwalimu, kile kitabu changu kipo? Niliishia pale chui anapoingia shimoni."

"Kipo. Nimekifuta kila siku. Chui bado yumo."

Akampa. Msichana akakaa kwenye kiti, miguu haikugusa sakafu, akafungua palepale bila kutafuta. Nilisimama dirishani nje na goti langu, nikamtazama anasoma, midomo inacheza. Bati liliachia tone la mvua ya usiku juu ya meza. Akasogeza kitabu, hakuinua macho. Tone la pili. Akakisogeza tena. Hivyo ndivyo mtoto wa mji huu anavyosoma: mkono mmoja unafungua ukurasa, mwingine unakimbiza kitabu.

"Unahitaji nini humu, mwalimu?" akauliza, jicho liko kwa chui. Sauti ilikuwa ya mtoto lakini swali lilikuwa la Mkurugenzi, nadhani lilimfuata mlangoni kama kupe.

"Bati kumi na nne. Taa. Mtu wa pili, maana mimi nina miguu miwili tu na huu mmoja haunisikii. Na vitabu vipya. Hiki cha mwisho kuletwa kinasema hakuna mtu aliyewahi kufika mwezini, na mimi nabishana nacho peke yangu."

Msichana akacheka. Akafungua ukurasa wa pili.

Nje askari akapiga chafya akaita. "Mheshimiwa, muda."

Hakusikia. Akaita mara ya pili. Bi. Siwatu ndiye aliyechukua kitabu kwa upole, akaweka uzi penye ukurasa, akasema, "Utarudi." Asteria akatoka. Kwenye kizingiti miaka ikamwangukia, yote kwa pamoja, nikaiona ikikaa mabegani kama magunia. Akavaa viatu. Akagusa uso akakuta umelowa, na hakujua kwa nini.

"Vumbi," akasema.

"Humo hamna vumbi," akasema Bi. Siwatu.

Wakatazamana. Naapa kitu kilikuwa kinataka kutoka kwa yule mwanamke. Akafungua orodha, akazungumza kwa sauti ya karatasi.

"Kuna kifungu. Jina lililofutwa linaweza kurudishwa kabla ya kengele."

"Nipe dakika kumi," nikasema, tayari nina ngazi.

"Si wewe peke yako. Jina la kitu cha umma haliandikwi na mtu mmoja. Kila herufi mkono wake, na mikono iwe ya wakazi. Zinakosekana tatu. Mikono mitatu."

"Kwa nini mitatu?" nikauliza kwa hasira, ingawa nilikuwa najua hesabu.

Akajibu huku anaangalia chini, na nadhani hapo ni yule wa miaka tisa aliyejibu. "Mmoja ni mtu. Wawili ni maongezi. Watatu ndio umma."

*

Nikapanda. Niliandika M. Miaka arobaini nimeandika M za watu, za mabucha, za mahoteli, za mitihani ya udereva, na sijawahi kuandika moja iliyonitoa jasho kama hii. Niliirudisha palepale nilipoitoa, kovu lake liko ukutani, nikalifuata. Vilima viwili. Nikashuka.

Bi. Siwatu akafunga khanga kiunoni.

"Bibi, mguu wako," nikasema.

"Nimeuambia utulie. Shika ngazi, usinishike mimi."

Akapanda kipago kwa kipago, anapumzika, anapanda. Sikuwahi kumwona akiwa juu ya kitu. Aliandika A yake imelalia kwenye M kama mtu anayemnong'oneza jirani. Ni mbaya. Ni herufi mbaya kuliko zote mjini, na atakayethubutu kuinyoosha nitamvunja vidole. Akashuka, pumzi zinakata, rangi kwenye shavu, akaniuliza, "Imekaa?" Nikasema, imekaa.

Imebaki K.

Nilimgeukia Asteria. Akarudi hatua moja. "Mimi siwezi. Mimi ni Jiji."

"Dakika tano zilizopita ulikuwa nani?"

"Sikumbuki," akasema, na ninamwamini, na hilo ndilo la kutisha.

Nikamgeukia askari. "Afande, wewe mkazi?"

"Mkazi."

"Njoo uandike."

"Mzee, mimi hizo herufi sizijui."

"Hata mimi sikuzijua. Ni mchoro tu. Chora kama mbuzi."

Nikamwona anatazama brashi. Vidole vyake vilifunguka kidogo. Kisha akamtazama Mkurugenzi, na vidole vikajifunga. "Niko kazini, mzee."

Nikamwita muuza juisi. Akasema yeye ni mgeni, ametoka mji wa pili, jina lake halimo kwenye orodha ya wakazi, angekuja hata kwa mikono miwili. Alisema kweli, maana alizima mashine yake alipokuwa anasema. Nikaita wapita njia. Nikaona visogo. Kisogo kilichonyolewa, kisogo chenye kilemba, kisogo kinachoongea na simu. Mji mzima una visogo na hauna paji la uso.

Na wewe.

Wewe umesimama pale tangu asubuhi. Umeona M ikipanda. Umemwona mama wa watu anapanda ngazi kwa mguu mmoja. Ukasema moyoni, yupo mtu atakayekuja. Hilo neno lenu, *yupo mtu*. Nimelisikia miaka arobaini. Huyo mtu ni nani? Anakaa wapi? Nimemtafuta mtaa kwa mtaa nimwombe msaada, na kila mlango niliobisha waliniambia hakai hapa, jaribu mlango wa pili. Usiniulize huu ni mji gani. Usiniulize kama wewe ni mkazi. Umewahi kuweka dole gumba mahali usipopajua? Umewahi kula karanga ukatupa nusu ya jibu? Basi ni mkazi.

Ninakuchukia kidogo, nisikufiche. Nakuchukia kama ninavyomchukia yule kijana mwenye kisu, aliyeona mvua akaona sababu. Na kama mimi niliweza kurudi, wewe huna pa kujificha.

Bi. Siwatu ameketi kwenye kipago cha chini cha ngazi, isije ikateleza. Ameshika kitambaa chake, anakikunja na kukikunjua. Kule ndani msichana ameacha chui shimoni, uzi uko penye ukurasa, na tone linaanguka mahali ambapo hakuna mkono wa kukimbiza kitabu. Mtu wa kengele nimemwona anapanda mnara wa Baraza. Mtu mnene, atapumzika ngazi ya katikati. Huo ndio muda uliobaki, pumziko la mtu mnene.

K si ngumu. Nguzo moja iliyosimama, na mikono miwili, mmoja juu, mmoja chini, kama mtu anayezuia mlango usifungwe. Kovu lipo ukutani, lifuate. Ikipinda iache ipinde. Na ukimaliza ushuke uingie. Mimi nikivuka pale napoteza miaka arobaini na moja, Asteria naye karibu hiyo hiyo. Wewe umegeuza uso leo. Ukivuka leo utabaki na umri wako wote.

Brashi hii, imelowa. Weka hiyo bilauri chini. Vuka barabara.

Panda.